Kabla ya kwenda Sacco, pitia stoo ya shule

*"Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 22 na sasa niko na Gredi ya 5 katika shule ya umma, kaunti ya Kakamega. Darasa langu lina wanafunzi 62. Mwalimu mkuu ametuambia kwamba kuanzia muhula ujao, atakayepatikana na chaki peke yake atakuwa ameonyesha kuwa mtaala wa umilisi umemshinda, na kwamba wakati wa TPAD (tathmini ya utendakazi wa walimu) atataka ushahidi wa teknolojia. Kuna mwalimu mwanagenzi hapa ambaye hutoa andalio la somo kwenye simu kwa dakika mbili akitumia akili unde. Mimi bado naandika kwa mkono. Sacco imenikubalia Sh65,000 ninunue laptopu na projekta. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa. Isitoshe, kujaza ngazi za tathmini, yaani EE, ME, AE na BE, kwa watoto 62 kunanimaliza, na mwishowe nageuza tu alama za mtihani. Je, nichukue mkopo? Na ni kweli ufundishaji wangu umepitwa na wakati?"*

Mwalimu, pole kwa kazi. Nianze na la pesa kwa sababu Sacco haisubiri: usiuchukue mkopo huo. Projekta usinunue kabisa kwa pesa zako. Laptopu ni jambo jingine. Ukiitaka kwa masomo yako au kwa shughuli za nyumbani, kaeni na mzee mhesabu kama mnavyohesabu karo, lakini isiingie kwenye gharama za kufundisha Gredi ya 5. Mume wako ametumia neno kali, ila kwa hesabu yuko karibu na ukweli kuliko mwalimu mkuu.

Swali lako limefunga mambo mawili kwa kamba moja. Kuna kifaa, halafu kuna kipimo kipya cha kazi ya mtoto. Unahangaikia kifaa, lakini nikikusoma naona kinachokuchosha ni kipimo: watoto 62, ngazi nne, jioni moja ya kujaza. Hakuna projekta itakayokupunguzia mzigo huo hata kwa mtoto mmoja.

Hili la chaki tulimalize kwanza. Mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ulianza 1985, na walimu wengi wa rika lako waliusomea kisha wakaufundisha. KICD, taasisi ya kitaifa ya kuandaa mitaala, ilitoa mwongozo wa mtaala mpya mwaka 2017, ukaingia madarasani rasmi Januari 2019 kuanzia PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hadi Gredi ya 3, na KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ikafanywa 2023. Mwongozo huo unataja umilisi wa kimsingi wa aina saba. Ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya hizo saba. Sita zilizobaki, yaani mawasiliano na ushirikiano, kuwaza kwa kina na kutatua matatizo, ubunifu, uraia, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini, hazihitaji soketi. Hakuna mahali chaki ilipopigwa marufuku.

Kwa nini basi walimu wakuu wengi wanauona mtaala wa umilisi na skrini kuwa kitu kimoja? Nadhani ni kwa sababu viliingia langoni karibu wakati mmoja. Ahadi ya laptopu za darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, tableti zikaanza kusambazwa 2016, na kabla shule nyingi hazijajua zitazichaji wapi, mtaala mpya ukafika. Mtu aliyepokea vyote viwili kwa mkono mmoja si rahisi avitenganishe.

Na swali la kifaa kipi kinasaidia lilishapimwa, tena hapo jirani yenu Kisumu. Chini ya PRIMR, mradi wa kuboresha kusoma na hesabu katika shule za msingi, shule za Kisumu ziligawanywa katika makundi kwa njia ya bahati nasibu. Zilizoingia kwenye mpango zilipata vitabu vya wanafunzi, miongozo ya walimu na mafunzo ya kufundisha kusoma. Tofauti ilikuwa nani anapewa kifaa. Kundi moja tableti zilikwenda kwa maafisa wanaotembelea walimu madarasani. La pili zilikwenda kwa walimu wenyewe. La tatu watoto walipewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea vitabu. Matokeo yalichapishwa 2016. Makundi yote matatu yalizipita shule ambazo hazikuwa kwenye mpango, lakini kumpa mwalimu au mtoto kifaa hakukuongeza kitu cha maana juu ya mpango wenyewe, na ukilinganisha gharama, njia ya kumpa afisa ndiyo iliyokuwa na faida zaidi. Mpango wa kusoma wa Tusome, ulioenea nchi nzima baadaye, ulifuata njia hiyo hiyo ya tableti kwa maafisa.

Sababu si ngumu kuiona. Afisa alifika darasani, akawasikiliza watoto wakisoma, akaketi na mwalimu wakazungumza juu ya alichosikia. Tableti ilimsaidia kukumbuka na kuonyesha. Mazungumzo ndiyo yaliyobadilisha somo la kesho yake.

Sasa stoo. Kama shule yenu ni ya umma na ilikuwapo 2016, huenda ilipokea mzigo wa mradi ule wa serikali. Vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule zaidi ya 20,000. Watu hukumbuka tableti za watoto tu, lakini mzigo ule ulikuwa pia na laptopu za walimu, projekta, na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Mwombe mwalimu mkuu au anayeshika rejista ya mali mfungue mlango huo pamoja. Washeni kimoja kimoja. Tarajia kwamba betri nyingi zitakuwa zimekufa kwa kukaa miaka bila chaji, na kwamba masomo yaliyokuja ndani yaliandaliwa kwa madarasa ya chini kabla ya mtaala huu. Projekta, hata hivyo, haijali mtaala. Ikiwaka, una projekta ya shule, na ikiharibika ni shule itakayoitengeneza.

Hata hiyo ya stoo ijaribu saa nne asubuhi jua likiwa limepanda. Projekta za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni hutangaza maelfu ya lumeni kwenye kasha, na ukizipima unapata mia chache. Katika darasa lenye madirisha pande mbili bila mapazia, picha inakuwa ukungu, na mtoto wa dawati la nyuma, ambaye ndiye ulitaka kumsaidia, haoni lolote. Kwa chumba chenye mwanga kiasi hicho utahitaji lumeni 3,000 hivi za kweli. Halafu kuna Kakamega yenyewe. Unajua mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati hata wewe husikiki, sembuse spika ya laptopu. Na radi za huku kwetu hazichagui soketi ya nyumbani na ya darasani. Kifaa ulichokopea kikiungua shuleni, nani atakulipa?

Hesabu moja ya mwisho kuhusu pesa, kisha niache. Serikali imepanga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwa watoto wako 62 hiyo ni Sh88,040. Mkopo wako peke yake, kabla ya riba, ni karibu robo tatu ya pesa hizo. Wewe ni mwajiriwa wa TSC, tume ya walimu, Mwalimu, usijigeuze mfadhili.

Nije kwenye kipimo, na hapa naomba tukae kidogo.

Alama ya zamani ilimlinganisha mtoto na wenzake: 68, nambari tatu darasani. Ngazi hizi nne, yaani kuzidisha matarajio (EE), kuyafikia (ME), kuyakaribia (AE) na kuwa mbali nayo (BE), zinailinganisha kazi ya mtoto na maelezo: anaweza kufanya nini, peke yake au kwa kusaidiwa. Ndiyo maana kugeuza alama kunakuchosha bila faida. Ukiandika kwamba 68 ni ME, hujajua chochote zaidi ya ulichojua ulipoandika 68. Kuna aliyepata 68 kwa kukosa maswali yote ya desimali, na kuna aliyepata 68 kwa haraka zake tu. Wote wawili sasa ni ME, na kesho utawafundisha kitu kile kile.

Chukua hizo desimali. Andika ubaoni, kwa chaki hiyo hiyo: 0.4 na 0.35, ipi kubwa? Jiandae kusikia 0.35, na kutoka kwa watoto usiowatarajia. Usiwaite wavivu. Tangu aanze shule mtoto amejifunza kwamba namba yenye tarakimu nyingi zaidi ndiyo kubwa, na 35 inaizidi 4. Akiisoma "sufuri nukta thelathini na tano" anazidi kujiaminisha. Kosa hilo lina mantiki yake, kwa hiyo halitoki kwa kurudia kanuni kwa sauti ya juu. Ukiuliza "Mmeelewa?" watakujibu "Ndiyo, mwalimu!" darasa zima, kengele italia, na utakutana nalo tena kwenye mtihani wa mwisho wa muhula.

Fanya hivi. Kidole kimoja ni 0.4, viwili ni 0.35, vitatu ni zinalingana. Waambie wafumbe macho, hesabu hadi tatu, kila mmoja aweke vidole kifuani. Visiinuliwe hewani, kwa sababu vya hewani huigwa hata na aliyefumba jicho moja. Tembeza macho mstari kwa mstari. Kwa muda usiofika dakika umeona mawazo ya watoto 62, jambo ambalo kuwauliza wale wanne wanaonyoosha mkono kila siku haliwezi kukupa.

Halafu, na hapa ndipo wengi wetu huharibu, usitangaze jibu. Mketishe aliyeonyesha kidole kimoja na aliyeonyesha viwili, na kila jozi au kikundi kipate rula ya mita, au kamba uliyoitia alama kila sentimita 10. Sehemu 0.4 ya mita iko wapi? Sentimita 40. Na 0.35? Sentimita 35. Waache wabishane wakishika kamba. Kelele zitakuwepo, naibu akichungulia dirishani, msalimie.

Baada ya dakika kumi uliza tena kwa vidole, lakini tega mtego wa pili. Mpe 0.45 na 0.3. Kuna watoto ambao somo la kamba litakuwa limewafundisha kwamba "fupi ndiyo kubwa", na hao watajibu 0.3. Wamehama kosa moja wakaingia jingine, na usipouliza swali hilo watakuwa wanapata vema kwa sababu mbaya hadi Gredi ya 6. Sasa una makundi matatu: aliyeelewa thamani ya nafasi, anayeongozwa na wingi wa tarakimu, na anayeongozwa na uchache wake. Hiyo ndiyo tathmini inayotakiwa na mtaala, na hujagusa waya.

Kuhusu kujaza: usimwandikie kila mtoto kila kipindi. Haiwezekani kwa 62, na anayekuonyesha fomu iliyojaa jioni ile ile amebahatisha. Chagua watoto kumi kwa kipindi, wa sehemu moja ya darasa, uwe karibu nao wanapofanya kazi. Andika ngazi na maneno machache: "anaweza akiwa na kamba", "anahesabu tarakimu", "anamweleza mwenzake". Kwa vipindi saba hivi utakuwa umewapitia wote. Maneno hayo ndiyo utakayomsomea mzazi siku ya kikao, maana ME peke yake haimwambii mzazi afanye nini nyumbani.

Tathmini za KNEC, baraza la mitihani, zina njia yake, usizichanganye na hizi. Zile za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zinapakuliwa kwenye tovuti yao, zinachapishwa, zinasahihishwa kwa mwongozo waliotoa, kisha matokeo yanapakiwa. Hapo kompyuta haikwepeki, na kama kuna ujuzi wa kidijitali wa kujifunza kwanza ni huo. Usingoje siku ya mwisho uende kupanga foleni saiba. Kaa na yule mwanagenzi wiki moja kabla: kipanya kiwe mkononi mwako, yeye atazame.

Kijana huyo usimwogope, na usimdharau. Andalio la dakika mbili nimeyasoma mengi. Huja limepangwa vizuri, halafu unakuta "kila kikundi kifungue video" katika shule isiyo na stima, mada zisizo za gredi hiyo, na mara nyingine jibu la hesabu lisilo sahihi lililoandikwa kwa ujasiri mkubwa. Akili unde haimjui mtoto wako wa 0.35. Ukitaka kuitumia, uwe na muundo wa mtaala wa KICD pembeni, ambao unapatikana bure kwenye tovuti yao, na ukague mstari kwa mstari. Kuna kazi moja inayoifanya vizuri: iambie ikupe maswali kumi ya kulinganisha desimali yenye majibu ya mitego, kisha uchague manne yanayofaa. Wewe unajua mitego na kijana anajua mashine. Keti naye nusu saa, nyote wawili mtaondoka na kitu.

Simu yako nayo inatosha kwa mengi. Jioni piga picha ya daftari tatu zenye makosa ya kuvutia, ufunike majina, na asubuhi uyanakili ubaoni: "Huyu alifikiri nini?" Picha hizo, zikipangwa kwa tarehe na sentensi moja ya ulichobadilisha, ni ushahidi wa TPAD wenye uzito kuliko picha yako umesimama kando ya skrini. Ila ziwe za daftari, sura za watoto ziache. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Majina ya watoto pia usiyaandike kwenye programu za akili unde.

Nisieleweke vibaya, kuna mahali chaki inashindwa. Moyo unavyosukuma damu ni vigumu kuuchora mtoto akaelewa kwamba unapiga. Video ya dakika mbili uliyoipakua nyumbani kwa bando la usiku inafanya kazi hiyo, hata watoto wakiitazama kwa zamu kwenye simu moja. Mtoto mwenye uoni hafifu anasaidika sana na maandishi makubwa ya tableti. Na ujuzi wa kidijitali wenyewe haufundishwi kwa maneno: tableti tano za stoo zikikubali kuwaka, zipite mikononi mwa watoto kila wiki, hata kama ni kuandika sentensi na kuihifadhi tu.

Umeuliza kama ufundishaji wako umepitwa. Sehemu moja, ndiyo, na ni yetu sote tuliotoka 8-4-4: kufundisha mada hadi mwisho, kutunga mtihani, ndipo tujue nani aliachwa njiani. Hiyo iache. Uzoefu wako wa kujua mtoto wa Gredi ya 5 atakosea wapi kabla hajakosea, huo kijana hana na simu yake haina.

Mwalimu mkuu usimpinge kikaoni mbele ya wenzako. Ana presha yake kutoka juu. Mwendee ofisini ukiwa na zile picha za daftari na orodha ya mlichokuta stoo, umwombe aje aketi nyuma kipindi kimoja cha vidole. Akikataa kabisa na kushikilia kwamba lazima ununue kifaa chako, mwombe aliandike hilo kwa barua, kisha muone CSO wa zoni yenu, yaani afisa anayewasaidia walimu na mtaala, na ikibidi tawi lenu la chama cha walimu, KNUT. Sijui agizo lolote linalomtaka mwalimu anunue projekta.

CSO mwite hata kama hakuna mgogoro, aje aone darasa lako la 62 na akusaidie kupanga namna ya kurekodi. Hilo haliwezi kumalizwa kwa maandishi kama haya. Na kuna jambo moja lisingoje muhula ujao. Ukiona katika zamu zako za watoto kumi kuna mmoja au wawili ambao kila mara wako mbali na matarajio, kwa kamba, kwa picha, kwa kusaidiwa na mwenzake, usiendelee kuwajazia BE. Zungumza na mzazi, kisha mpelekeni EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, cha kaunti ndogo yenu akapimwe macho, masikio na namna anavyojifunza. Beba daftari zake mbili tatu za tarehe tofauti na zile sentensi zako fupi. Mtathmini atazihitaji kuliko fomu ya alama.